Nyuzi Tisa Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 4 Agosti

Lita moja ya maji yangu ya kusuuzia ina nyuzi 1,140. Ya shemeji yangu ina 860. Amesema hayo binti yangu leo saa mbili na robo asubuhi, jicho likiwa bado kwenye hadubini, kwa sauti ile ile aliyotumia utotoni kutangaza kwamba kuku ametoka bandani.

Akaongeza kwamba haya si mashindano. Anachunguza jinsi nguo zinavyomwaga nyuzi zikifuliwa. Nyuzi ndogo mno, nyingi za plastiki. Zinateremka na maji mpaka mtaroni. Nyingine zinaruka hewani na watu wanazivuta puani. Watafiti wameshazikuta ndani ya mapafu. Zinafanya nini humo, anasema, bado wanabishana. Ndiyo kazi ya shahada yake ya pili.

Nimemwelewa vizuri. Shemeji anaongoza kwa 280.

Niweke mambo sawa kwa kumbukumbu. Mimi ni dobi wa mkono, miaka thelathini na moja kazini, mabeseni manne, pasi mbili. Shemeji ni kaka yake mke wangu. Ana duka la kufulia ng'ambo ya barabara, mashine mbili. Nimempa jina la Kitufe, maana kazi yake yote ni kubonyeza. Binti anachota maji kwangu asubuhi na jioni, kisha anavuka kuchota kwa mjomba wake. Jumatano ya wiki ijayo anapeleka matokeo kwa msimamizi wake mjini. Maabara ina nafasi moja ya kazi na waombaji ni wawili. Matokeo yakisimama, huenda nafasi ikawa yake. Yakiyumba, ni ya mwenzake.

Ameniomba jambo moja tu: nisimsaidie. Nimekubali.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelala na wazo, nimeamka nalo. Nguo zinazomwaga sana ni zile za manyoya: mablanketi, sweta, majoho ya kuogea. Basi nisizifue. Wateja saba wamekuja na mablanketi. Wote saba nimewaelekeza kwa Kitufe kwa unyenyekevu mkubwa. Nimewaambia mashine ndiyo inayoyaweza, mimi mkono wangu umezeeka.

Hesabu ya jioni: mimi 540, Kitufe 2,310. Nimekula vizuri sana.

Jumatano, 6 Agosti

Binti anaandika kila nguo iliyofuliwa, aina yake na uzito wake. Mashati analinganisha na mashati, mablanketi na mablanketi. Ushindi wangu wa jana hauhesabiki. Amenieleza hayo kwa upole na mchoro.

Saa tano Kitufe amevuka barabara kunishukuru. Mbele ya watu. Amesema hajapata kuona dobi anayempelekea mwenzake wateja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mablanketi yamekuwa mengi hata amemwita fundi wa kuongeza kamba za kuanikia. Mke wangu ameniambia kwamba kaka yake ameguswa kweli, nisije nikamharibia kwa kumwambia sababu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimechuja maji kabla binti hajachota. Nimetumia pazia la zamani la sebuleni, lile la wavu mweupe, nimelikunja mara nne. Kazi safi. Maji yametoka yanang'aa kama ya kunywa.

Hesabu: 3,070.

Binti ameniuliza kama kuna mtu yeyote nyumbani amefua pazia leo. Nimesema sina hakika. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote amechuja maji kwa pazia. Nimesema swali hilo ni la ajabu. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo, akasema, "Mwanangu, dirisha la sebuleni liko uchi tangu alfajiri." Akaendelea na safari yake.

Binti hakugomba. Amefuta mstari mmoja kwenye daftari, akaandika kando neno moja ambalo sikuliona, maana alilifunika kwa kiganja. Kisha akanitazama kama anavyotazama kisahani chake cha chini ya hadubini. Amesema, "Baba, maji yangu usiyaguse." Nimemwahidi kwa moyo wote. Maji sitayagusa tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Binti amekwenda mjini kuchukua chupa, atarudi jioni. Ameacha koti lake la kazi kwenye msumari.

Kuhusu koti hilo. Ni la pamba, jipya, rangi ya chungwa kali kama la mtu wa kuchimba barabara. Siku ya kwanza nilimcheka. Alinieleza kwamba rangi ameichagua makusudi: hakuna anayevaa rangi hiyo mtaani kwetu, kwa hiyo uzi wake mwenyewe ukidondoka kwenye chupa, anaujua na kuutoa kwenye hesabu. Huwa anaupata mmoja, pengine wawili.

Mmoja, pengine wawili. Limenikaa moyoni neno hilo. Mtoto wa dobi, tena wa miaka thelathini na moja kazini, anadondosha nyuzi mbele ya wasomi. Tiba yake naijua kuliko profesa yeyote. Koti jipya ukilifua vizuri mara tatu, nyuzi zote legelege zinatoka, linabaki tulivu. Na koti si maji.

Nimelifua mara tatu, beseni la kwanza, la pili, la tatu. Nimelisugua kola. Limetoa manyoya ya rangi ya chungwa kama kifaranga anayenyonyolewa, jambo lililonithibitishia kwamba nilikuwa sahihi. Nimelipiga wanga. Nimelipiga pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Kisha nimefua mashati ya mwalimu mkuu humo humo, kama kawaida.

Mchana Kitufe alikwenda kwa kinyozi. Nimevuka kidogo kuangalia mashine zake, kwa kujifunza tu. Nimeinua kifuniko, nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakuna siri yoyote humo. Hakuna aliyeniona.

Jioni binti amelikuta koti limesimama wima juu ya meza. Ameligusa mkono. Ameniuliza lini nimefanya hivi. Nimesema asubuhi, si neno, usijali. Alikuwa amechoka na basi limemchelewesha. Amechota maji kwangu, akachota kwa mjomba wake, akaenda kulala. Hakushukuru. Watoto wa siku hizi.

Jumamosi, 9 Agosti

Chupa yangu ya jana jioni: nyuzi 412 za rangi ya chungwa.

Chupa ya leo asubuhi: 188.

Binti amekaa kwenye beseni lililopinduliwa, daftari magotini. Nimemwambia koti nililifua asubuhi na mabeseni niliyasuuza, kwa hiyo sioni uhusiano. Amesema ndiyo, koti peke yake angeweza kulieleza. Tatizo ni chupa ya mjomba. Mjomba hana koti, hana beseni langu, mashine zake ziko ng'ambo ya barabara, na kwenye maji yake kuna nyuzi tisa za rangi ya chungwa.

Tisa tu, nimesema.

Amesema hata mbili ni nyingi. Kama zimefika kule, basi amezibeba yeye. Kwenye mikono, kwenye nywele, kwenye mfuniko wa chupa. Na kama amezibeba jana, nani atamhakikishia kwamba hakuzibeba Jumatatu, na Jumanne, na siku zote? Alisema ni mwangalifu. Msimamizi aliamini. Sasa hesabu zote za wiki zina mashaka, na kosa ni la mikono yake.

Amemuuliza Kitufe kama kuna mtu aliingia dukani. Kitufe ameapa hakuingia mtu.

Nilitaka kusema neno. Nimeuliza kama anataka chai.

Jumapili, 10 Agosti

Binti anaandika barua kwa msimamizi. Anajiondoa. Mke wangu ameniambia hayo jikoni, akichambua mchele, bila kuninyanyulia macho. Amesema mtoto ameandika kwamba hakuwa mwangalifu vya kutosha na nafasi apewe mwenzake. Amesema pia kwamba yeye mama hajui lolote kuhusu nyuzi, ila anajua mume wake akila kidogo maana yake nini.

Binti alipokwenda kuoga nimeisoma barua. Sijivunii. Chini yake palikuwa na fomu ya zamani, ile ya kuombea masomo. Pana mahali wanauliza kwa nini umechagua uchunguzi huu. Ameandika: Baba yangu amepiga pasi miaka thelathini na moja katika chumba chenye dirisha moja, na anakohoa asubuhi. Nataka kujua anavuta nini.

Nimesoma mara mbili. Kisha nimekwenda kupiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa.

Saa sita nimemwambia. Kwamba Ijumaa mchana, baada ya koti, nilivuka na shati lile lile nililofulia, nikaingiza mkono kwenye mashine ya mjomba wake mpaka hapa. Nimemwonyesha hapa.

Nilijiandaa kwa kilio au kelele. Badala yake amechukua kalamu. Saa ngapi ulimaliza kufua koti? Beseni lipi? Lita ngapi? Sabuni gani? Ulivuka saa ngapi? Mkono upi? Shati ulikung'uta? Nimejibu yote. Sijawahi kuhojiwa namna hiyo, hata na mama yake. Mwisho ameweka kalamu chini, akaegemeza paji la uso wake kwenye bega langu, akasema kitu kama "baba wewe," lakini hakumalizia.

Mke wangu amemwita kaka yake. Amekuja, amesikiliza, amejishika kiuno.

"Shemeji," amesema, "ungebisha hodi tu. Ningekuwekea kiti karibu na mashine, na kahawa."

Wamecheka wote watatu. Nimewaacha wacheke.

Barua haikutumwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Msimamizi amepiga simu. Binti ameweka sauti kubwa ili na sisi tusikie. Ni mzee mwenye sauti ya taratibu. Amesema chupa za kuanzia Ijumaa jioni zisiingie kwenye hesabu kuu. Za mwanzo zimesimama, isipokuwa ile ya pazia. Kisha akauliza tena habari za zile tisa. Akataka saa, mkono na shati. Amesema mara chache mtu anapata nyuzi zinazojulikana zimetoka nguo gani, beseni gani, zikavuka barabara juu ya nani, na zikaingia mashine gani. Ameagiza ziandikiwe ukurasa wa peke yake.

Ameuliza msaidizi huyo ni nani. Binti amesema, "Ni baba."

Akauliza kama msaidizi huyo ana mafunzo yoyote. Binti akasema hana, ila ana juhudi.

Jumatano, 13 Agosti

Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi na sanduku la chupa. Koti kalivaa, wanga na yote. Kituoni watu walimpisha wakidhani amekuja kufunga barabara. Mimi nilibeba sanduku mpaka mlangoni mwa basi, nikaliweka chini taratibu, nikarudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa.

Dirisha limefunguliwa lote chumba cha pasi. Nimepewa barakoa kumi na masharti. Kikohozi cha asubuhi kiko pale pale, lakini nakohoa ndani ya barakoa.

Ijumaa, 15 Agosti

Habari kubwa, na ameitoa binti mwenyewe kwa simu saa nne na dakika ishirini: nafasi bado haijatolewa, lakini mwenzake na yeye wako sawa kwa alama. Kabla ya kuamua, msimamizi atakuja mwenyewe kuona chumba anachochotea maji. Ataleta kisahani chake, atakiweka wazi kwenye rafu saa moja, apime hewa ina nyuzi ngapi. Hewa ikiwa tulivu, basi kazi ya binti inaaminika na mambo yamekwisha.

Binti ameomba chumba kibaki kama kilivyo. Ameomba mara tatu. Nimemjibu mara tatu kwamba sitagusa maji, wala nguo, wala chupa, wala mashine ya mtu.

Nimekata simu, nimekitazama chumba. Sakafu ya saruji tupu, ina nyufa. Msomi mzima, mwenye sauti ile, asimame kwenye saruji tupu kama amekuja kudai kodi? Aone mtoto wetu ametoka mahali pa namna hii?

Nimemwendea Kitufe. Safari hii nimebisha hodi. Ana zulia la mteja ambaye amehama na kuliacha, kubwa, jipya kabisa, jeupe, manyoya marefu kiasi cha kufunika kidole. Amenipa bila maneno. Amesema kwa ajili ya mpwa wake angenipa hata mashine. Tumelibeba pamoja kuvuka barabara, yeye mbele mimi nyuma, na sikumbuki lini mara ya mwisho tulibeba kitu pamoja.

Linaenea ukuta hadi ukuta. Nimelipiga brashi dakika arobaini ili manyoya yasimame. Mke wangu amechungulia, ameuliza kama binti anajua. Nimemwambia zulia si katika vitu nilivyoahidi kutogusa. Amepiga chafya mbili, akaondoka.

Nimekaa kidogo kwenye kiti kulitazama. Jua la mchana limeingia dirishani, na manyoya madogo meupe yanaelea chumba kizima, taratibu, yanapendeza sana. Kesho nitalipiga brashi tena, na keshokutwa.

Msimamizi anafika Jumanne, tarehe 19, saa tatu kamili asubuhi.