Kaktasi ya Kaka Oliver

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimenunua dawa ya Oliver. Si ya kunywa. Ni kaktasi! Ya mviringo kama ngumi, miiba kila upande, na ubavuni imezungukwa na vitoto vinavyomng'ang'ania mama yao. Mokaya, anayeuza miche karibu na steji ya matatu ya Oyugis, amesema hii haitaki maji mengi, hailalamiki, na inazaa bila kuombwa. Nikamwambia basi imemshinda kaka yangu.

Mpango ni huu. Oliver ndiye mkubwa, mimi namfuata. Hajaoa. Kwa hivyo mimi pia siwezi kuoa, maana kwetu mdogo hamruki mkubwa. Mama hataki hata kusikia jina la msichana wangu. Na msichana ninaye! Lynnet wa saluni, mtoto wa Karungu. Amesema Pasaka ikifika kabla hajajulikana nyumbani kwetu, kila mtu ashike njia yake.

Sasa kaktasi inakaa dirishani kwa Oliver. Kila asubuhi ataona mama na watoto. Moyo utamuuma. Ataoa. Haya, Fanuel, nani kama wewe?

Ijumaa, 7 Machi

Sielewi. Oliver ameipenda kaktasi kupita kiasi. Akitoka kazini, maana yeye ni mwashi, anaisalimia kabla ya kumsalimia Mama. Nimemuuliza kwa upole kama haoni familia ni kitu kizuri. Akasema anaona, ndiyo sababu ana hii. Yawa! Nilitaka apate hamu ya ndoa, naona ameshiba.

Isitoshe, kimetokea kitoto kingine. Kimetoka wapi? Baba yake ni nani? Nimetazama dirisha lote, kaktasi ni moja tu. Nimemuuliza Mokaya, akaniuliza kama nilisoma shule.

Jumapili, 9 Machi

Mama amepita kwa Oliver, akaona vitoto vimebanana. Akasema vimekua, vitolewe vikajitegemee, lakini kile kikubwa kitangulie. Nilidhani ni mzaha. Akanikazia macho. Amesema katika boma hili hakuna anayemruka mkubwa wake, hata kama ni mwiba.

Hapo akili ikawaka. Nikitoa kile kidogo kwanza, kikamea na kunawiri, Mama atakosa la kusema. Utakuwa ushahidi! Oliver alipoenda kutazama mpira nikakikata kwa kisu cha jikoni. Miiba imeniingia vidole vyote. Nimekipanda papo hapo kwenye mkebe wa rangi, samadi tele, maji mpaka juu. Mtoto hulishwa.

Jumapili, 16 Machi

Kitoto kilianza kuwa laini. Nikajua kinanenepa, nikaongeza maji. Leo nimekigusa, kidole kikazama. Kimeoza! Kinanuka kama dagaa wa omena walionyeshewa.

Mama alikiona kabla sijakificha. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema tu, umeona? Kisha akawaita mama wadogo waje watazame kinachompata anayemruka mkubwa. Niliwaeleza kwamba ni maji niliyozidisha. Wakasema sawa kabisa, maji ndiyo yaliyotumwa.

Kwa hivyo sasa mila ina ushahidi, na nimeutengeneza mimi. Oliver haongei nami. Amekizika kile kitoto nyuma ya nyumba.

Jumanne, 18 Machi

Nimemweleza Lynnet. Amecheka mpaka mteja akalalamika kwamba kichwa chake kimeachwa nusu. Kumbe mikebe yote ya nje ya saluni ina mimea ya miiba! Sijui kwa nini sikuwahi kuiona. Amesema kitoto kikikatwa kinawekwa kivulini hadi kidonda kikauke, siku kadhaa, halafu kinapandwa kwenye mchanga wenye kokoto, na maji yangoje kwanza. Mimi nilimtumbukiza mgonjwa kisimani.

Papo hapo nikapata mpango mkubwa kuliko yote. Lynnet aje nyumbani! Amfundishe Oliver kupanda, amchombeze kuhusu ndoa, na Mama amzoee bila kujua. Nitasema ni fundi wa maua. Lynnet ameuliza, fundi wa nini? Nikarudia. Akauliza tena. Nikamwambia avumilie, mambo makubwa hayana haraka.

Jumamosi, 22 Machi

Mafanikio! Mama amemchinjia kuku. Oliver ameleta mchanga wa ziwa kutoka Homa Bay, gunia zima, kwa kitoto kimoja. Wamekata kile kikubwa kwanza, Mama akatabasamu hadi masikioni. Mimi nilimtambulisha mgeni kwa ustadi: huyu ni fundi wa maua, hata hatujuani sana.

Lynnet alinitazama kwa muda. Sikuelewa. Labda jua lilikuwa machoni.

Jumamosi, 29 Machi

Lynnet amerudi kwetu kukagua kidonda cha kitoto. Mimi nilibaki kibandani kwangu, simu za watu hazijitengenezi. Jioni nimemkuta Oliver amenyoa ndevu. Ana shati jipya. Amepaka mlango rangi. Anapiga mluzi! Kuna mwanamke hapo. Dawa imeingia!

Nimemuuliza ni nani, akasema nitajua wakati ukifika. Nimewapitia wote kichwani. Yule wa kwaya? Yule wa duka la mbolea? Nikampigia Lynnet tufurahi pamoja. Nikamwambia Oliver amepata mtu. Lynnet akauliza kama nimemwambia Mama yeye ni nani. Nikasema bado, asiharibu chakula kikikaribia kuiva. Simu ikakatika. Mtandao wa huku ni bure kabisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Kitoto kimetoa mizizi! Oliver amekuja mbio na bodaboda kunionyesha picha. Lynnet alikuwa amekaa nyuma yake. Nimemshukuru kwa kujitolea hivi kwa ajili yetu sisi wawili. Akaangalia chini. Oliver naye akauliza, wawili gani? Nikakonyeza. Hakuna aliyekonyeza.

Joto limezidi siku hizi. Watu wanachoka.

Jumapili, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kanisa Oliver alisimama mbele ya Mama na mama wadogo, akasema amepata mke. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nikapiga na kigelegele, mimi mwanaume mzima! Halafu akamwita Lynnet aingie. Nikaendelea kupiga makofi, maana mikono ilikuwa haijaambiwa.

Nilimvuta Lynnet kando nikamuuliza huu ni mpango gani, na kwa nini sikuhusishwa. Akasema hakuna mpango. Akasema amengoja sana nimtaje kwetu, na siku niliyomfikisha nikamwita fundi nisiyemjua. Oliver alimuuliza jina la baba yake siku ileile. Nilipouliza kama Oliver alijua habari zetu, akasema alimwambia wiki iliyopita, na Oliver akakosa usingizi, lakini akamuuliza, kama Fanuel alikutaka, mbona alikukana mbele ya Mama? Akaniambia pole. Macho yake yalikuwa na machozi kweli.

Inaniuma. Inaniuma sana, sikujua kifua kinaweza kuuma hivi.

Nilitaka kumwambia Mama yote. Lakini mdomo huu ndio uliosema hatujuani! Mama akanishika mkono mbele ya watu akanishukuru kwa kumletea kaka yangu fundi. Kisha akatangaza kwamba mkubwa amepita, sasa Fanuel hana kizuizi, aoe hata kesho.

Nioe nani? Wote wakashangilia. Mimi nikala pilau. Ilikuwa na chumvi.

Jumatatu, 14 Aprili

Usingizi haukuja vizuri, lakini nimefikiri, na kosa nimeliona. Ni kaktasi! Ilikuwa na nguvu tangu mwanzo, nami nikampa mtu mwingine. Omera, ndugu yangu, sitarudia.

Leo asubuhi nimeomba kitoto kimoja, Oliver amenipa bila kunitazama. Kuna mwalimu wa chekechea Homa Bay, Edith, alileta simu yake nibadilishe kioo. Mpole, anacheka polepole. Kitoto hiki kitamfaa. Ila nikikipeleka mwenyewe ataona nina haraka.

Nimemtuma binamu yangu Benard. Amejitolea vizuri sana. Hajaoa, kwa hivyo ana nafasi; ana sauti ya kutuliza, na ana pikipiki yake. Nimemwambia aende hata mara tatu nne, amzoeze kwanza, na jina langu asilitaje mpaka nimwambie.