Nani Atakaa na Meneja?

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika! Semina ya maofisa ugavi, Kasulu, wiki nzima kuanzia tarehe 10. Jina langu ni la tatu kwenye orodha na limeandikwa bila kosa. Miaka mitatu nipo hapa Kibondo, ofisi ndiyo kwanza imegundua. Nimepiga suti pasi jioni hii hii, ingawa safari bado.

Kisha nikamwona Meneja amelala mlangoni, furaha ikapungua. Nani atakaa na mbwa?

Nasikia huko mijini kuna nyumba za kulaza mbwa wamiliki wao wakisafiri. Wanapewa kitanda, wanalishwa kwa saa. Kibondo hakuna. Kibondo kuna watu wanaomjua Meneja kwa sifa, na hiyo ndiyo shida. Getini nimeandika MBWA MKALI SANA kwa rangi nyekundu. Mtaa mzima unajua kwamba mwaka juzi alimrarua mwizi hadi mwizi akaacha kiatu. Kiatu kilikuwa changu. Mwizi hakuwepo. Meneja anaogopa kuku, na ndoo ikianguka anakimbilia chini ya kitanda.

Ila hadithi ile ndiyo iliyomfanya Herieth, jirani yangu, fundi cherehani, aniambie siku moja kwamba tangu nihamie analala bila wasiwasi. Nimeishi na maneno hayo mwaka mmoja na nusu. Nikirudi kutoka Kasulu nitamwambia nataka kumwoa. Mpaka siku hiyo Meneja lazima abaki mkali.

Anayeijua siri ni mmoja tu: Dionis, bwana mifugo. Siku ya chanjo alimwona Meneja akijificha ndani ya koti langu nikiwa nimelivaa. Leo kasikia habari ya semina, kaniambia nimwachie yeye, ana banda zuri. Alikuwa anatabasamu. Nikamshukuru, nikakataa. Mtu huyu kila jioni yuko barazani kwa Herieth. Jumamosi nilimkuta ameinua mikono, Herieth anampima kifua. Kifua! Mimi suruali zangu hupimwa zikiwa mezani.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na wazo. Kazi yangu ni nini? Kutafuta mtoa huduma kwa kufuata taratibu. Basi nitatangaza zabuni.

Nimeandika vigezo sita. Awe na uzio. Awe jasiri. Awe na historia nzuri na wanyama. Asiwe na kuku. Viwili vilivyobaki niliweka ili vifike sita. Tangazo nimelibandika dukani kwa Saady, mwisho wa kupokea maombi saa kumi na moja jioni, kamati itakaa papo hapo. Kamati ni mimi.

Saa kumi na moja: maombi sifuri. Saady anasema watu walisoma, wakarudia kusoma, wakaondoka kimya. Mmoja aliuliza kama ni adhabu ya mahakama. Kuhusu kile kigezo cha kuku, mtaa umekubaliana kwamba Meneja huwala wakiwa hai. Sikukanusha.

Nikamwuliza Saady mwenyewe vipi. Akasema kwake panaswaliwa, mbwa haingii, na hata kama si hivyo, vidole vyake bado anavihitaji kupimia sukari. Nimeijenga sifa ya Meneja vizuri kupita kiasi.

Jumatano, 5 Juni

Herieth kaja getini asubuhi. Kasema amesoma tangazo, nisihangaike, yeye atamlisha Meneja.

Nilitaka kulia kwa furaha, kisha kwa hofu. Akikaa naye siku moja tu, siri imekwisha, na mimi nimekwisha nayo. Nikamwambia haiwezekani kabisa. Mbwa huyu hamjui mtu zaidi yangu. Akiona mkono mgeni anapoteza akili. Wakati naeleza, Meneja alikuwa nyuma yangu anamtikisia Herieth mkia mpaka kiuno kinakwenda. Nikafafanua kwamba hiyo ni dalili ya mwisho kabla ya kurukia. Herieth akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtetemeka. Maskini, kaogopa.

Nikamweleza pia habari ya nidhamu yake. Jioni namwekea ugali, haugusi. Na bado ananenepa! Mbwa wakali ndivyo walivyo, wanajitawala. Herieth akauliza nimeyajulia wapi hayo. Nikasema nimesoma mahali.

Kabla ya kuondoka kanikabidhi mzigo: viatu vya mama yake, vyeusi, vya ngozi, namba 39. Mama anaishi Makere, njiani kwenda Kasulu. Ni vya harusi ya mdogo wake Herieth, Jumamosi ya tarehe 22. Simu ya mama imeingia maji na hana njia nyingine, hivyo ananitegemea mimi. Ananitegemea mimi. Nimeandika mara mbili kwa makusudi.

Alhamisi, 6 Juni

Mbinu mpya: mtu wa mbali, asiyejua mtaa wetu. Mzee Kipriani wa Murungu ana mizinga ya nyuki, na nyegere wanaibomoa. Anatafuta mbwa mkali. Mimi nina mbwa mwenye sifa. Nikaomba ruhusa kazini, nikasema jino.

Tulikwenda kwa bodaboda, Meneja ndani ya tenga mapajani mwangu, ananilamba shingo. Mzee akatupokea vizuri kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, mwanangu," maji ya kunywa, kigoda. Akamzunguka Meneja, akasifu kifua chake. Nikaanza kumsimulia habari ya mwizi. Nilikuwa nimefika kwenye kiatu, kuku mmoja na vifaranga wake wakatokea nyuma ya jiko.

Meneja alipanda mwilini mwangu. Sisemi alinikimbilia, nasema alipanda. Akafika mabegani, akakaa.

Mzee Kipriani akamtazama muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu mbwa ndiye wa kutafutiwa mlinzi."

Nimemwomba asimwambie mtu. Akaniapia. Nimenunua madumu mawili ya asali ambayo sikuyahitaji, ili kiapo kikae vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Imeamuliwa. Meneja anakwenda semina.

Nimeondoka alfajiri kabla Herieth hajaamka. Tenga nimelifunika kitenge. Kondakta wa basi akauliza kuna nini ndani, nikasema jogoo. Tenga likabweka. Akauliza anauma? Nikaangalia nyuma, nikaangalia mbele, watu wa Kibondo wawili. Nikasema kwa sauti kwamba anaua. Basi zima likahamia viti vya mbele. Tumesafiri kwa nafasi nzuri sana.

Tulipofika Makere nilitaka kushuka na viatu. Lakini je, naweza kumtokea mama mkwe mtarajiwa kwa mara ya kwanza nikiwa na manyoya kwenye suti na mbwa ndani ya tenga? Hapana. Jumatano vipindi vya semina vinaisha mchana. Nitakuja siku hiyo, nimeoga, peke yangu.

Kasulu. Mama Ernesta, mwenye nyumba ya wageni, haruhusu wanyama. Nikamweleza kwamba huyu si mnyama, ni mbwa wa serikali, yuko mafunzoni. Mama Ernesta akasimama wima. Sasa anamwita Meneja "afande" na amempa maini.

Jumanne, 11 Juni

Balaa limetokea.

Mama Ernesta ana jogoo. Asubuhi Meneja alimwona dirishani, kwa hiyo nikafunga dirisha na mlango, nikaenda semina. Tumefundishwa kutunza mali tuliyokabidhiwa. Nilijibu maswali mawili nikapigiwa makofi.

Nimerudi chumbani. Kiatu cha kulia kizima, kinang'aa. Cha kushoto kimebaki soli na nusu ya ukanda. Meneja alikuwa amelala juu yake, amechoka kwa woga. Hakuwa hata na haya. Nilikaa sakafuni karibu naye na nikasikia huruma kwa sote wawili.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kwa fundi viatu sokoni. Amekigeuza, akaniuliza kama kuna mtu aliumia. Nikamwuliza kama anaweza kutengeneza cha kushoto kufanana na cha kulia. Akasema anachoweza ni ndala ya tairi la baiskeli. Nimezunguka maduka yote ya Kasulu. Vyeusi vya ngozi namba 39 hakuna. Kuna vya bluu, vina maua.

Makere sikwenda. Nitakwendaje na kiatu kimoja?

Jioni Herieth akapiga simu. Hakuuliza habari ya viatu, Mungu mkubwa. Aliuliza Meneja yuko wapi. Nikasema Murungu, kwa Mzee Kipriani, anapambana na nyegere. Akauliza anakula? Nikasema anakula nyegere. Akakata. Nadhani kifurushi kiliisha.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempigia Herieth mara nne tangu jana. Hapokei. Semina imefungwa, nimepewa cheti. Sijakiangalia.

Jumamosi, 15 Juni

Basi lilipopita Makere nililala chini ya kiti na Meneja. Abiria mmoja akadhani nimezimia, akanimwagia maji.

Nimefika nyumbani saa nane mchana. Nilipofungua tenga, Meneja hakuingia getini kwetu. Alikimbilia kwenye michongoma, akapenya kwenye tundu ambalo mimi sijawahi kuliona, akatokea kwa Herieth. Nilipofika alikuwa amelala chali miguuni pake, tumbo juu. Herieth alikuwa anamkumbatia na analia. Pembeni palikuwa na sahani ya bati. Alikuwa anamwita Mpole.

Kumbe kila siku saa nne asubuhi, mimi nikiwa kazini, Meneja yuko kwake. Tangu mwaka juzi! Anakula, analala chini ya cherehani mpaka saa tisa, anarudi kunisubiri mlangoni. Ugali wangu haugusi kwa sababu ameshiba.

Alhamisi Herieth alipanda bodaboda mpaka Murungu kumwona. Mzee Kipriani, mtu wa kiapo, akakataa hata kusema kama amewahi kumwona mbwa yeyote maishani mwake.

"Kaka Lusajo," Herieth akaniambia, "siku mbili hizi nilijua amekufa na wewe unaogopa kuniambia."

Nikakaa chini. Nikasema. Mwizi na kiatu chake, kuku, tenga, jogoo wa Mama Ernesta, yote mpaka uhamisho wa abiria. Nikamwambia niliogopa kwamba asipokuwa na mbwa mkali hatalala tena bila wasiwasi, na mimi sitakuwa na kazi yoyote kwake.

Alinitazama sana. "Ukali wa mbwa huyu sikuuamini hata siku moja. Nililala vizuri kwa sababu kuna mtu upande wa pili wa ua."

Nimerudi ndani. Nimekaa na suti yenye maji mpaka jioni.

Jumapili, 16 Juni

Dionis alipita barazani kwa Herieth kuchukua suti yake. Nikaiona, nikauliza ni ya nini. Ya harusi yake. Na nani? Na mdogo wake Herieth, huko Makere, tarehe 22. Kadi anasema alinipa mwezi wa nne.

Nimeitafuta. Ipo. Niliiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Kwa maana hiyo ningeweza kumwachia Dionis mbwa siku ile ya kwanza, ndani ya banda zuri, na ningekwenda Kasulu na tabasamu. Nimetafakari jambo hili kwa dakika kadhaa, kisha nikapika.

Jumatatu, 17 Juni

Siku kubwa. Herieth kaniita barazani, kanipa chai. Kasema nimwambie lile ambalo nimekuwa nataka kumwambia tangu mwaka jana, maana amechoka kusubiri. Nikamwambia. Hakucheka. Akasema Jumamosi twende wote harusini Makere, mama yake anione, mengine wazee watazungumza. Ana sharti moja tu: uongo uwe umekwisha, hata ule mdogo.

Niliapa. Niliapa kwa moyo wote, mkono kifuani, Meneja akiwa shahidi. Nimekuwa mtu mpya. Nilijisikia mwepesi, nikajua kwamba ukweli ni kitu kizuri na nilikuwa najichelewesha bure.

Kisha akaniuliza kama viatu vilimtosha mama, jambo pekee nililoliruka Jumamosi.

Nikasema vimemtosha kama alizaliwa navyo. Akauliza, mama ameshukuru? Nikasema alilia.

Sasa hesabu ya siku. Leo Jumatatu. Simu ya mama bado mbovu. Kigoma mjini lazima kuna vyeusi vya ngozi namba 39. Jumatano nakwenda Kigoma, Alhamisi nashuka Makere, nakabidhi viatu mlangoni, namwomba mama akubali kwamba alivipokea wiki iliyopita na kwamba alilia. Ijumaa niko hapa, nakunywa chai. Kazini nitasema jino. Ni mpango mzuri, hauna tundu.

Tatizo ni moja. Nani atakaa na Meneja siku hizo tatu? Herieth hapana, atauliza nakwenda wapi. Dionis hapana, yeye sasa ni familia. Mzee Kipriani ana kuku.

Nimetoa karatasi safi. Tangazo la pili linabandikwa kwa Saady kesho asubuhi. Kigezo cha kwanza: mwombaji asiwe anajuana na Herieth.