Maksai Wangu Barão, Nundu ya Jirani na Masharubu Yaliyo Hatarini

Kwa Daktari wa Mifugo,
Machinjio ya Capão do Angico.

Mheshimiwa Daktari Zulmira, mwanangu wa ubatizo,

YAH: MATOKEO YA MAKSAI WANGU, NINAYOYAKATAA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye haya kidogo, maana mimi niliyekushika siku ya ubatizo wako ukinililia kifuani sikutegemea ungekuja kunifanyia hivi.

Unajua tulivyopatana mimi na jirani yangu Adroaldo Pacheco. Kila mmoja alete maksai wake kwako, apimwe akiwa hai, kisha nyama ipimwe ikiwa kwenye kulabu. Ambaye maksai wake atatoa nyama kidogo kuliko wa mwenzake kwa kila kilo mia za uzito, atanyolewa masharubu Jumapili hii baada ya misa, mbele ya watu wote wanaokula mbavu za kuchoma. Tuliahidiana kwa kung'oa kila mtu unywele mmoja wa masharubu yake, kama walivyofanya babu zetu, na ahadi ya namna hiyo haina rufaa. Ndiyo maana nakuandikia wewe, wala si hakimu.

Ukatangaza: maksai wa Adroaldo, kila kilo mia zimetoa hamsini na sita za nyama; Barão wangu, arobaini na tisa. Adroaldo akanitazama mbele ya wachinjaji akasema, "Haya Osmarino, anza kuliaga hilo fagio." Malalamiko yangu ni haya:

1. Barão alikuwa Hereford halisi, mwekundu, uso mweupe, ukoo unaojulikana tangu enzi za babu. Yule wa Adroaldo ni Nelore, zebu, ng'ombe wa nundu aliyeletwa kutoka kaskazini. Tangu lini mgeni akamshinda mwenyeji kwenye malisho yake? Ukanieleza eti zebu ana matumbo madogo, kwa hiyo hakuna kingi cha kutupwa. Lo! Yaani siku hizi mtu anasifiwa kwa kupungukiwa utumbo, na wewe umesomea jambo hilo miaka yote ile kwa jasho la wazazi wako.

2. Nundu. Nundu ya zebu ilipimwa pamoja na nyama, lakini kichwa cha Barão kiliondolewa kabla. Daktari, waliomjua Barão wanajua kwamba nusu ya Barão ilikuwa kichwa. Mmoja analipwa kwa mzigo wa mgongoni, mwingine ananyimwa akili aliyozaliwa nayo! Naomba kichwa kirudishwe kwenye hesabu, pamoja na pembe.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba maksai akinenepa na kuwa mzito, nyama ya kwenye kulabu huongezeka kuliko taka. Sasa basi, kwenye mizani Barão alimzidi zebu kwa mbali. Hata mimi nilishangaa, maana juzi yake hakuwa mzito hivyo. Nikasema moyoni, ni fahari hiyo. Kumbe nyama ikatoka haba. Imekwenda wapi? Ulinijibu kwa upole, "Baba, huyu alikuja ameshiba." Ameshiba! Kanuni ni alale bila kula, na Barão alifunga kuliko padri siku ya Ijumaa Kuu. Nilimfungia zizini kwa mkono wangu, ufunguo nikamkabidhi mke wangu Nair, mwanamke mwaminifu kuliko wote ninaowajua.

4. Kwa hiyo ni dhahiri mizani yako ina chuki na ng'ombe wenye uso mweupe. Naomba ibadilishwe, au angalau ibatizwe. Maji nitaleta mimi.

5. Ikishindikana, nihukumiwe kwa hesabu yako mwenyewe. Barão alitoa karibu nusu, basi nami ninyolewe upande mmoja tu. Na kama Adroaldo hataki nusu, tupimwe sisi wenyewe, yeye na mimi, bila viatu, tukiwa tumelala njaa, tuone nani ana nyama na nani ana matumbo. Kulabu hatuihitaji, macho ya watu yanatosha. Sote tumewahi kumwona Adroaldo akishuka farasini na farasi akishusha pumzi.

Zulmira mwanangu, tuache utani. Masharubu haya niliyafuga mwaka ule ule nilipooa, na tangu hapo hakuna aliyeniona bila hayo. Sijui nitaingiaje kanisani uso mtupu. Naogopa.

Nisalimie mama yako, mumeo, wachinjaji wote, hata yule aliyecheka. Adroaldo usimsalimie.

Wako katika uchungu na ubatizo,
Osmarino Fagundes

N.B. Nimempa Nair aisome kabla sijaifunga. Alipofika namba tatu akaweka chini kibuyu chake cha chimarrão, ile chai yetu chungu, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe jioni ile alifungua zizi, akampa Barão gunia zima la maboga, na chumvi juu yake, naye akanywa maji ya hodhi mpaka yakabaki matope. Nikadhani ni huruma tu kwa mnyama anayekufa kesho. Nikamwambia, mama, hukujua kwamba maboga yanapanda kwenye mizani lakini hayafiki kwenye kulabu? "Mzee," akasema, "mimi ni binti wa mchinjaji. Nilijua." Anasema yeye aliolewa na kijana mwenye mdomo wa juu, na angependa kuuona tena kabla hajafa. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Mizani yako ni nzima, mwanangu, uniombee radhi kwake. Na mwambie Adroaldo asihangaike kuleta wembe Jumapili. Nair ameshaunoa.