Kanda Isiyosimama Ukiiambia

Kendu Bay,
Agosti 1995

Ndugu Mhariri, mwanangu nisiyekuzaa,

Nakusalimu kwa mkono wa Nasteha, mwenye duka la nguo hapa sokoni. Mimi sikusoma, mdomo ni wangu, kalamu ni yake. Tunatumia Kiswahili kwa sababu Kijaluo cha Nasteha kinatosha kupimia kitambaa tu. Gazeti lako likifika yeye hunisomea, nami hujibu. Siku zote nimekuwa nikijibu hewa. Leo nimeona nikujibu wewe.

Katika ukurasa wako wa muziki uliandika juu ya kanda mpya ya Randiga wa Magunga, yule kijana wa nyatiti, ala yetu ya nyuzi. Ulisema ni safi kuliko zote alizowahi kutoa, maana "kwa mara ya kwanza tunamsikia msanii mwenyewe bila makelele ya wakatizaji." Kisha ukawapa wapenzi wake nafasi ya kutoa maoni. Bwana Omanga wa Migori akakushukuru kwamba sasa anasikia kila neno. Bwana Mniko wa Kehancha akasema anaiweka jioni akiwa kitandani na analala usingizi mzuri sana.

Analala! Mhariri, kwetu mtu akisinzia nyatiti ikilia tunampeleka hospitali.

Mimi pia ni mpenzi wa Randiga. Nampenda kuliko Omanga na Mniko mkiwafunga kamba pamoja. Ndiyo sababu nalalamika, na kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Kanda hii haisikii. Hao unaowaita wakatizaji, kazi yao sisi tunaiita pakruok, nayo ndiyo nusu ya muziki. Mwimbaji anaimba, wewe unainuka, unasema, "Simama hapo!" Anaacha kuimba. Unajisifu, au unamsifu shemeji yako, au ng'ombe wako. Watu wanacheka, mwenye wivu anakujibu, halafu unasema, "Haya, endelea," na wimbo unaendelea ukiwa mtamu zaidi kwa sababu sasa na wewe umo ndani yake.

Jumapili ya kwanza niliwaita wanawake wenzangu nyumbani tusikilize. Wimbo wa pili ulipokolea nikafunga kitambaa changu vizuri kichwani, nikasimama. "Simama hapo, Randiga! Mimi ni Turfena nyar Gwasi, binti wa Gwasi, mwanamke ambaye..." Akaendelea kuimba. Nikadhani anamalizia mstari, maana mtu ana adabu yake. Akamaliza mstari, akamaliza wimbo, akaanza mwingine. Nikarudia kwa sauti kubwa. Nyanchoka, jirani yangu anayeuza ndizi, akanivuta gauni, akasema, "Mama, labda ana haraka." Haraka ya kwenda wapi, naye yuko ndani ya redio yangu? Hata mkwe wangu ambaye hanipendi hunyamaza nikisimama.

2. Najua utasema nibonyeze kile kidude cha kuzima. Vijana wote wa hapa wameniambia hivyo, kwa ile sauti wanayotumia kumwelekeza kipofu. Nilikibonyeza, Mhariri. Tulisikia mbuzi. Mbuzi, na mtu kule mbali akikata kuni. Mwimbaji wa kweli ukimsimamisha hafi. Anafunga mdomo, lakini vidole vinaendelea pole pole kwenye nyuzi, krung, krung, kama mtu anayekuitikia "ehe, ehe" unapozungumza. Juu ya hiyo krung-krung mwanamke anaweza kusema lolote. Bila hiyo, umesimama katikati ya nyumba yako ukijiita chui mbele ya mbuzi. Huo si muziki. Huo ni ugonjwa.

3. Kuna watu wamesifiwa tayari, wakafungiwa humo ndani, na hakuna anayeweza kuwajibu. Kuna mwenye malori wa Nakuru. Kuna daktari wa meno ambaye Randiga anamtaja karibu kila wimbo. Mimi sina hata jino la kumpelekea. Hao nawasamehe, siwajui. Lakini ukigeuza upande wa pili, wimbo wa kwanza kabisa, unasikia: "Jerusha nyar Takawiri, uji wako ulinifikisha!"

Jerusha ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alinioa mimi kwanza, akafuata yeye kutoka kisiwa cha Takawiri. Mimi ndimi mikayi, mke mkubwa. Nyumba zetu zinatazamana. Sasa nikueleze habari ya huo uji. Randiga alipita hapa akienda matangani, akalala kwetu. Kwao ni Magunga, huko Gwasi, na Magunga ndiko nilikozaliwa mimi. Nilimbeba mgongoni akiwa bado anatambaa. Nilimchinjia jogoo. Jogoo mkubwa, Mhariri, jogoo aliyekuwa akiogopwa na mbwa. Alimla akalamba vidole. Asubuhi Jerusha akampa uji. Uji tu! Haukuwa hata na ndimu. Na kwenye kanda jogoo wangu hayumo. Nimeisikiliza pande zote mbili, hayumo. Nauliza ukurasa wako wa muziki: huo uji ulimfikisha wapi bila jogoo wangu tumboni?

4. Sifa ya kanda haichakai. Hili ndilo baya kuliko yote na nakuomba ulifikirie ukiwa umeketi. Sifa ya pakruok husemwa, watu wakacheka, ikaisha. Kesho mtu lazima aamke aitafute upya: afagie, apike, amsalimu mwenzake vizuri. Jerusha anasifiwa kila mkanda ukizunguka, awe amefagia au hajafagia. Siku mbuzi wake alipokula sukuma wiki yangu yote, alisifiwa. Siku aliposema mbele ya mke wa mchungaji kwamba nakoroma, alisifiwa jioni ile ile, kwa sauti tamu, na nyatiti juu yake. Serikali gani inaruhusu jambo hili?

5. Kwa hivyo Jumapili fulani jina lake lilipofika, na yeye akatabasamu vile anavyotabasamu, nikamwambia hivi: "Jina lako limekwama humo kama mfupa kooni." Nyanchoka akacheka. Asingecheka yangeisha. Jerusha akainuka, akachukua kigoda chake, akavuka uwanja kwenda kwake. Tangu hapo haji.

Mhariri, huu si mzaha. Anasikiliza kutoka jikoni kwake. Najua, kwa sababu jina lake likitajwa anakohoa. Mimi nimeweka redio dirishani na kuipandisha sauti kidogo, si kwa ajili ya mtu yeyote, ni redio inahitaji hewa. Omena, dagaa wetu wa ziwani, tunaanika kila mtu na wavu wake, na wavu wa mtu mmoja hupeperuka. Tena nikisimulia habari, hakuna wa kuniambia, "Turfena, huo ni uongo." Nyanchoka ananiamini tu. Juzi nilimwambia kwamba nikiwa msichana nilimpiga kiboko na mwiko akarudi majini, akasema, "Pole, mama." Pole! Nilikuwa nimeandaa sehemu ya pili ya habari hiyo kwa ajili ya mtu wa kubisha, ikabaki mdomoni. Inachosha sana kuaminiwa.

Ninayo maneno ya kumjibu Jerusha. Ni maneno mazuri, makali, yamepangwa kama matofali. Ningeyasema siku ile ile, yeye angenijibu kwa makali zaidi, tungecheka mpaka machozi, tukala. Lakini Randiga hakutuachia nafasi. Akapita juu yetu kama gari la mkubwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani ni mengi.

Kwanza, Randiga aitwe airekodi upya kanda hii, na katikati ya kila wimbo anyamaze, apige krung-krung peke yake. Anyamaze muda wa kutosha mwanamke mwenye magoti mabaya kuinuka, kufunga kitambaa, kujisifu, kujibiwa, kumjibu aliyemjibu, na kuketi. Bwana Omanga apewe nafasi fupi kwa kuwa hapendi kelele. Lakini sisi wa Kendu Bay tuna mengi, na Gwasi tuna mengi zaidi. Naona upande wa kwanza uwe nyimbo, na upande wa pili wote uwe krung-krung mtupu.

Pili, kanda zilizokwisha kuuzwa zirudishwe. Chifu aitangaze habari hii barazani. Atakayekutwa akimsikiliza Randiga bila kumkatiza, hasa akiwa amelala, ahojiwe kama ana ndugu.

Tatu, ikiwa haya ni magumu, Randiga mwenyewe azunguke nyumba hadi nyumba, kila mahali kanda ilipouzwa, aketi karibu na redio. Mtu akisema "Simama hapo!" yeye anyooshe mkono ajizime mwenyewe, kisha apige nyatiti kwa vidole vyake mpaka mtu amalize. Aanze na kwangu. Jogoo mwingine ninaye. Lakini safari hii uji nitampikia mimi, na usiku kabla ya hapo nitafunga mlango wa uwani.

Nne, na wewe Mhariri, kwa kuandika kwamba tunapiga makelele, uje Kendu Bay. Sitakudhuru. Nataka uketi kwangu, ule samaki, uimbe chochote unachokijua, hata kama ni wimbo wa shule, nami nikusimamishe katikati nikusifu. Utajua mwili unavyosikia. Hutaandika tena neno "safi."

Nimemaliza hasira, sasa ni salamu. Wasalimu wenzako wote hapo ofisini na wazazi wao. Msalimu Bwana Omanga wa Migori, masikio yake yabarikiwe. Msalimu Bwana Mniko, na akiamka mwambie nimemsalimu. Msalimu mwenye malori. Msalimu daktari wa meno, sina ugomvi naye. Nyanchoka anakusalimu, naye anaamini kila kitu ulichowahi kuchapisha. Watu wote wa boma letu wanakusalimu isipokuwa mmoja, ambaye sijamuuliza kwa sababu hatuongei, lakini ana afya nzuri, namwona akipita.

Ni mimi mama yako mwenye kukugombeza kwa upendo,
Turfena Ajuma, nyar Gwasi.

Nyongeza, kabla bahasha haijafungwa:

Mhariri, ngoja kidogo. Nasteha alikuwa hajapata stempu, na Jumapili ikaingia katikati.

Tulikuwa tunasikiliza kama kawaida, mimi na Nyanchoka. Upande wa pili ulipoanza, betri zikachoka. Randiga akaanza kuvuta maneno kama mtu anayepanda mlima na gunia. Alipofika "Jeruuu..." sauti ikazama, hakumaliza jina, na nyatiti ikawa inanguruma chini kabisa, krung, halafu kimya kidogo, krung. Nikamwambia Nyanchoka, "Ananisikiliza!" Nyanchoka akaniamini. Nikasimama, magoti na yote. Nikafungua mdomo nitoe yale maneno makali niliyoyapanga, na sijui yalikwenda wapi. Nikasikia nasema, "Simama hapo, Randiga! Mimi ni Turfena nyar Gwasi, nisiyeogopa kiboko, nisiyeogopa chifu, ninayeogopa kimya cha ile nyumba ya ng'ambo tu!"

Jikoni kwa Jerusha mtu akakohoa, na jina lake lilikuwa halijatajwa. Kisha mlango wangu ukafunguka bila hodi. Akaniambia, "Turfena, kiboko gani? Huo ni uongo." Mhariri, nilikaribia kulia. Akamgeukia Randiga akamwambia na yeye asimame, ingawa alikuwa amesimama tayari, maskini, na akaanza kujisifu yeye, kisha mama yake, kisha kisiwa chote cha Takawiri mpaka mawe yake. Betri zikakata kabisa, yeye akaendelea. Krung-krung akaipiga Nyanchoka kwenye sufuria.

Tumenunua betri mpya. Tangu hapo hatujasikia wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Randiga akisema "a" tu, Jerusha anasimama. Nimesahau hata hadithi ya ule wimbo wa pili, sijui yule msichana aliolewa au alikataa. Jana nilijikuta natamani, Mungu anisamehe, kulala kitandani kimya kama Bwana Mniko.

Kwa hiyo futa yote niliyoomba. Usiite mtu, usimsumbue chifu. Ulisema kweli: kanda ni safi, nzuri, iachwe ilivyo. Ila mwambie Randiga kwamba katika ijayo aimbe kwa nguvu zaidi, nyimbo zishikane mkia kwa kichwa, na kati ya mstari na mstari asipumue kabisa, maana akipumua tu huyu mwanamke ataingia na

Simama hapo, barua! Mimi ni Jerusha nyar Takawiri, binti wa kisiwa, mpika uji uliomfikisha mwimbaji. Mimi ndiye mke mwenza wa Turfena, mwanamke ambaye akinikumbuka anaandikia gazeti la Nairobi, na mlango wangu uko pale pale, ng'ambo ya uwanja, haujawahi kufungwa. Na anakoroma. Haya, endelea.