Mti Uliozaa Yote Mawili

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu ni mtaalamu wa miti sasa, kafaulu, kawapita wote darasani. Haya shajara, habari za tangu juzi. Kapiga simu mchana. Mwalimu wake anataka kuja kuuona mfenesi wetu, ule anaousikia kila siku kwamba mama ndiye anayeutunza. Binti akauliza kama umeshazaa. Nikasema umezaa hadi unalalamika. Ulimi huu. Mti haujatoa hata ua.

Jumanne, 5 Machi

Wazo lilinijia nikiosha vyombo. Nimenunua fenesi sokoni, zito kama mtoto aliyenona. Nimelifunga kwa kamba shinani, maana fenesi huota shinani, si mjinga mimi. Utomvu ukaninasa. Nikashika mlango, mlango nao ukanishika. Baba watoto alinipaka mafuta ya kupikia huku akiuliza kwa nini nisiseme ukweli tu. Nikamwambia anishike mkono, akili asinishikie.

Binti nimemtumia picha.

Alhamisi, 7 Machi

Jirani yetu mshonaji, asiye na mti hata wa kuanikia nguo, kachungulia ukutani. Kacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Anasema mwenzangu, huo ni mshelisheli. Tazama majani, yamegawanyika kama vidole, ya mfenesi ni mazima. Ni ndugu, kasema, ila kila mmoja na mtoto wake. Nikamjibu ashone nguo, miti amwachie mama wa mtaalamu.

Kisha nikakaa kitako jikoni. Mwanangu ataaibika mbele ya mwalimu wake kwa ajili ya mdomo wangu.

Ijumaa, 8 Machi

Binti kapiga. Picha kaiona. Akaniomba kwa upole nimwambie mwalimu ukweli kabla hajafunga safari. Akampa simu. Nilidhamiria kabisa. Nikaanza vizuri, nikasema mti ni mshelisheli. Mwalimu akasema ndiyo mama, nimeona pichani, na hilo fenesi je? Kwa heshima ile, ningemwangushaje? Nikajikuta nasema hata mimi nilishangaa, lakini mwaka huu umezaa yote mawili.

Mwalimu alicheka sana. Akasema mti kama huo hawezi kuukosa, atakuja na darasa zima. Binti naye nilimsikia kwa nyuma, anacheka hadi anakohoa. Wamefurahi, maskini, wameniamini.

Kesho sokoni mapema, nitafute mashelisheli ya kufunga upande wa pili. Wote wanafika Jumapili.