Yah: Baraza Langu la Wageni Kuitwa Makao Makuu ya Kamanda

Zarghun Shah,
Karani Mstaafu wa Posta,
Kijiji cha Tangai, Bonde la Juu.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, wewe na wote hapo ofisini mnaoshinda mkitafuta habari za vita vya watu wengine. Sisi huku tu wazima, hata wale mliowaandika kuwa wamekufa. Nao wanawasalimu.

Jina langu ni Zarghun Shah, mwana wa Mir Zaman, mjukuu wa Dost Gul. Nimelitaja lote kwa makusudi, na sababu utaiona kwenye lalamiko la kwanza. Nilifanya kazi posta ya hapa miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kufungua barua ya mtu. Kwa hiyo naomba hii uifungue wewe mwenyewe, usimwachie msaidizi.

Mwezi uliopita mwandishi wenu, Bwana Denholm, alifika kijijini kwetu na mkalimani wake. Habari aliyoiandika imenifikia wiki iliyopita kupitia kwa mfamasia wa mjini, ambaye anajua Kiingereza. Alitusomea barazani kwangu mbele ya watu, akisimama kila baada ya aya kunitazama usoni. Kichwa cha habari kilisema, "Ndani ya Makao Makuu ya Kamanda Lal Mir."

Ndugu Mhariri, hayo makao makuu ni baraza langu. Ni chumba cha wageni alichojenga marehemu baba yangu, chenye magodoro manane na birika mbili. Lal Mir ni mtoto wa baba yangu mdogo, na huwa anakuja hapo kunywa chai yangu. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasichanganyike mezani kwako.

1. Jina langu. Mmeandika kwamba mlizungumza na "mwanakijiji mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe". Huyo ni mimi, na nilitaka. Nilimtajia Bwana Denholm jina langu mara tatu, mara ya tatu polepole nikiitazama kalamu yake. Akaniambia atalificha kwa usalama wangu. Usalama gani, ikiwa mmechapa picha ya mlango wangu na mforosadi wangu, kisha mkaweka ramani yenye nukta nyekundu juu ya paa langu? Kila kilicho changu kimetangazwa duniani isipokuwa mimi.

2. Cheo cha Lal Mir. Hapa naomba uvumilie kidogo, maana ndipo makosa yote yalipoanzia.

Bwana Denholm alikula vizuri. Alimaliza kuku mmoja na nusu, akanywa chai ya kijani vikombe sita, akajifuta mdomo, ndipo akauliza ni nani hapa anayetoa amri. Kwetu mgeni akiomba kitu, ni aibu kubwa kumjibu kwamba hakuna. Angeomba asali, tungemtafutia hata kijiji cha tatu. Yeye aliomba kamanda. Nilikuwa bado nawaza nimpe nini ili asiondoke mikono mitupu, Lal Mir akavuta mto, akaweka kilemba sawa, akasema, "Mimi hapa. Ulidhani nani, huyu mgonga mihuri?"

Sijui kwenu ikoje, lakini kwetu mtu hashindani na adui. Adui anakaa mbali na ana shughuli zake. Mtu anashindana na mtoto wa baba yake mdogo, tangu utotoni mpaka kaburini, na hata pale wanatazamana jiwe la nani ni refu. Bwana Denholm akamuuliza Lal Mir ana watu wangapi chini yake. Akajibu arobaini. Hakusema uongo. Ni wale arobaini wanaozibua mfereji wa maji kila theluji inapoyeyuka, na mwaka huu zamu ya kusimamia mfereji ni yake. Lakini mwaka jana zamu ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa na sitini. Nilishindwa kunyamaza, nikasema hapo hapo.

Sasa tazama mlivyoandika. "Mwanakijiji mmoja alithibitisha kuwepo kwa wapiganaji hao, na kudokeza kwamba zamani walikuwa wengi zaidi."

Naomba Lal Mir ashushwe cheo. Msimamizi wa mfereji inamtosha, tena aandikwe wa muda.

3. Bunduki. Ile iliyo kwenye picha, mliyoiita "silaha ya kamanda", ni yangu. Nilimwazima tu kwa ajili ya picha. Aliiacha babu yangu, na kazi yake ni kupigwa hewani harusini, mara mbili, maana mara ya tatu hukwama.

4. Mtaalamu. Mmemnukuu bwana mmoja anayekaa huko kwenu, anasema Tangai ni "njia muhimu ya kimkakati" na kwamba sisi ni "jamii isiyofikika". Hiyo njia ni ya mbuzi. Kuhusu kufikika, barua hapa huletwa kila Jumanne na Alhamisi, na kwa miaka thelathini na mmoja haikuwahi kupotea hata moja. Mtaalamu angeandika, angejibiwa.

5. Wafu na namna ya kuwahesabu. Gazeti lenu limeshatangaza mara nne kwamba katika bonde letu ameuawa mtu wa tatu kwa ukubwa kati ya magaidi wote. Kila mwaka huyo wa tatu anakufa, wa nne hasikiki. Wa mwisho mliyemtangaza ni Juma Khan seremala, ambaye alikuja kusikiliza habari hiyo ikisomwa, akaomba isomwe tena, kisha akarudi kumalizia milango ya watu.

Nilikwenda kwa ofisa mmoja wa wilaya kuuliza hesabu hii inafanywaje. Alikuwa mtu muungwana. Alinieleza kwamba wanaume wenye umri wa kubeba silaha wakionekana kutoka angani wamekusanyika, wanahesabiwa wapiganaji mpaka upatikane ushahidi kwamba sio. Nikamuuliza ushahidi huo unapelekwa wapi, na nani, ikiwa mwenyewe ameshakufa. Akasema ni swali zuri. Nikamuuliza tena, mkusanyiko unaanzia watu wangapi. Akatazama dirishani, akasema kwa makisio yake, watatu.

6. Harusi. Ndugu Mhariri, hayo matano ya juu ningeweza kuyameza. Hili siwezi.

Binti yangu Gulalai anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala ya adhuhuri. Anaolewa Bonde la Chini, kwa kijana wa Haji Bakhtawar. Tangu habari yenu itoke, ile ndege isiyo na rubani, ambayo sisi tunaiita Nyigu, haiondoki. Zamani ilikuwa ikipita mara moja kwa wiki, tunaisikia, tunaisahau. Sasa inazunguka juu ya paa langu tangu asubuhi mpaka jioni, mlio wake hauongezeki wala haupungui. Mke wangu ameacha kuanika aprikoti juu ya paa. Anasema anahisi kama anaanika mbele ya wanaume.

Haji Bakhtawar alipanga kuja kumchukua bibi harusi na wanaume mia na ishirini, ndani ya magari kumi na moja, kwa ngoma. Juzi ametuma ujumbe kwamba hatakanyaga. Maneno yake nililetewa kama alivyoyasema: "Mwambie karani, mimi nilikuja kuposa kwa mtu wa posta. Makao makuu sikuyaposa."

Nilimweleza Gulalai mwenyewe, maana si haki asikie kwa majirani. Alikuwa anakunja nguo zake kwenye sanduku. Hakulia. Alikunja shela moja, akaikunjua, akaikunja tena, akasema, "Basi nitakwenda kwa miguu peke yangu, baba. Mtu mmoja si mkusanyiko."

Ndugu Mhariri, naogopa. Nalisema hili kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo siwezi, hapa kila mtu ananitazama mimi. Naogopa wakija, na naogopa wasipokuja.

Kwa hiyo, ili Haji akubali kuja, ninaomba mfanye yafuatayo, tena kabla ya Ijumaa hiyo.

Kwanza, mchape masahihisho ukurasa wa mbele, saizi ile ile ya kichwa cha habari, kwamba Tangai hakuna kamanda. Kuna mfereji.

Pili, kwa kuwa nimeelezwa kwamba wanaomwongoza Nyigu ni wasomaji wenu wazuri na hukata habari zenu wakazihifadhi, naomba mchape pia ratiba ya harusi. Nimeiambatanisha. Imeandikwa gari lipi litatangulia, lipi lina wazee, lipi lina sufuria, na lipi lina mjomba wa bwana harusi ambaye hutoa kichwa dirishani na kupiga kelele, lakini ndivyo alivyo.

Tatu, ili kufuata taratibu zao, nimepanga wageni wasizidi wawili mahali pamoja. Watakula wawili wawili. Kwa wanaume mia na ishirini, kila wawili wakipewa siku yao, karamu itachukua siku sitini, na mpishi amekubali ingawa amekaa ameshika kichwa. Bwana harusi naye anahesabika, kwa hiyo baba yake akikaa upande wake wa kulia, upande wa kushoto utakuwa wazi. Ngoma itachezwa na watu wawili. Nimewaagiza wacheze wakitabasamu, na wakizunguka wanyanyue nyuso ili tabasamu lionekane kutoka juu.

Nne, bunduki ya babu haitapigwa. Tutapiga makofi, tena taratibu.

Tano, na hili nalisema kwa moyo mweupe, ikiwa Nyigu lazima awepo siku hiyo, basi aje kama mgeni. Naomba mniulizie wale wanaomwongoza huko waliko ni wangapi, ili niongeze mchele. Watu wanashinda kutwa wakitazama ua wangu. Wanajua saa mke wangu anapotoa mkate kwenye tanuri na saa mimi ninapokwenda chooni. Haitakuwa vizuri harusi ya binti ipite hawajaalikwa. Kama kusafiri ni taabu, watume jina la mtu mmoja, nitamwekea sahani, nitaila mimi kwa niaba yake na kuwaandikia ilivyokuwa.

Naamini haya si makubwa kwa gazeti lililoweza kugeuza magodoro manane kuwa makao makuu.

Nimalizie kwa kumsalimu Bwana Denholm, na kumwambia miwani yake aliisahau, iko salama. Nisalimie mkalimani, mchora ramani, na mtaalamu wa njia ya mbuzi. Nisalimie wapiga chapa, ambao najua hawakosei wao, wanachapa wanacholetewa. Mke wako na watoto wako usiwasahau. Siku mtakapopita huku mtakaribishwa, na mtakachoomba mtapewa, ila naomba safari hii muombe asali.

Wako katika kungoja masahihisho,

Zarghun Shah, mwana wa Mir Zaman
(jina litajwe)

Tanbihi: Ndugu Mhariri, nilikuwa nalamba bahasha nilipoitwa barazani. Amekuja Haji Bakhtawar mwenyewe. Kumbe huko Bonde la Chini gazeti lenu limesomwa pia. Mtoto wa baba mdogo wa Haji alimwoza kijana wake kwa binti wa mwalimu mkuu mwaka juzi, na tangu hapo Haji alikuwa haongei sana mbele za watu. Sasa anaongea. Anakiambia kijiji kizima kwamba yeye anachukua bibi harusi kutoka makao makuu. Harusi ipo Ijumaa ile ile, na hawaji tena na magari kumi na moja, wanakuja na kumi na tisa. Habari ya kula wawili wawili ameikataa, anasema watu watamcheka. Kisha akaomba, kwa heshima kubwa, kumsalimia Kamanda, na amemwomba Lal Mir akae karibu na bwana harusi, mahali pa heshima, kwenye harusi ya binti yangu, ndani ya baraza langu, bunduki yangu mapajani. Lal Mir amesema atafikiria.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita nayafuta. Msisahihishe kitu. Mkiweza, mwongeze tu kwamba kwa mujibu wa vyanzo vya kuaminika, mkuu wa Tangai ni Zarghun Shah, mwana wa Mir Zaman, mwenye watu sitini, na kwamba huyo Lal Mir yuko chini yake, upande wa maji.

Nyigu bado yupo juu ninapoandika haya. Nakuomba kitu kimoja tu, Ndugu Mhariri, na hiki usimwachie msaidizi. Ukamanda wangu muuanzishe Jumamosi. Ijumaa niacheni niwe baba wa bibi harusi.