Mfuko wa Tisa na Mashine ya Maji

Leo nimeumbuka. Imenigharimu sufuria nzima ya bukari (ugali wetu), samaki wawili, na huruma ya Mama Odia niliyoifaidi wiki tatu.

Nilifika depo, wanaponunua mawe, na mifuko kumi na miwili ya mawe ya shaba. (Niliihesabu mara mbili. Mwenye depo alihesabu mara moja tu. Hapo hapo nikamshuku.) Wameleta mashine ya kupima maji, maana mawe yenye maji yanakatwa bei.

Nikamuuliza fundi wa mashine: "Inaonaje ndani, na mufuko umefungwa?"

"Tata, inatuma nyutroni, bitu bidogo sana. Nyutroni ikigonga kiini kizito cha shaba, inadunda na mbio yake karibu ile ile, sawa mupira ku ukuta. Ikigonga haidrojeni ya mu maji, yenye uzito yake na ya nyutroni ni moja, inaachia mbio pale. Mi nahesabu zenye zimechoka."

Mtu anahesabu visivyoonekana! Wa hivyo nawajua.

Mifuko minane, mikavu. Wa tisa, namba zikapanda.

"Huu uko na maji mingi, katikati."

"Unadanganya! Pima tena!"

Akapima tena. Vile vile. Hapo nikakumbuka. (Kila siku nafukia chakula changu ndani ya mfuko mmoja, nakichomoa kabla ya mizani. Leo mashine imetangulia mizani.)

Lakini Mama Odia, mfanyabiashara mwenzangu, alishasikia kelele. Yeye hunigawia nusu ya chakula chake, tangu nimwambie mke wangu yuko Sandoa na sina wa kunipikia.

"Banamuibia huyu tata, na bibi yake hayuko! Fungueni mufuko!"

"Mama, acha. Nakubali. Akate bei."

Mimi sijawahi kukubali bei.

"Ona, njaa imemuchanganya!" Akakata kamba mwenyewe.

Sufuria ikatoka, imefungwa kitenge cha mke wangu. Bado ya moto!

Fundi akachungulia. "Bukari ni unga na maji, tata. Sufuria yenyewe, nyutroni hata hazikuisikia."

Mama Odia akafunua, akanusa. "Bibi yako alitoka Sandoa siku gani?"

"Bado, mama."

"Basi nani alipika?"

Wamekula wote, mimi nimeshika kifuniko. Sasa Mama Odia anasema kesho asubuhi anakuja nyumbani kumpa mke wangu pole ya safari. Mke wangu hajui kwamba alisafiri. Nishaurini upesi: nianze kuungama kwa nani?